Mtumbwi Wenye Miguu

Jumatatu, 24 Februari

Gia boksi ya lori la mpunga bado iko mezani. Nimeifungua, nimeifunga, nimeifungua tena. Beringi moja imekufa. Mwenye lori kapiga simu mara nne. Ya tano sikupokea.

Kichwa changu hakiko Ifakara. Kiko Mofu. Jana ilikuwa misa ya kumkumbuka Kaka Ditriki, miaka miwili tangu tumzike. Baada ya chakula mjane wake, Shemeji Odilia, akatuambia ile mashua ya marehemu anampa Selemani wa Mbingu, fundi wa vitanda. Selemani ataipasua apate mbao za mvule. Shemeji naye atapewa mabati, maana nyumba inavuja. Hakuomba ushauri. Alituarifu tu.

Mdomo wangu ukatangulia, kama kawaida yake. Nikasema subiri shemeji, mimi nitaifufua. 

"Mpaka Pasaka," akasema. "Ikielea, na mimi nikaipanda mwenyewe kwenda kigangoni, inabaki. La sivyo Selemani aje Jumatatu ya Pasaka."

Kigango, kanisa letu dogo, kiko ng'ambo ya mbuga. Masika mbuga ni ziwa. Mguu wa kushoto wa shemeji ulilemaa tangu utotoni, anatembea na fimbo. Mtumbwi unataka mtu achuchumae, ajipime, aruke. Hawezi. Wanaume hujitolea kumbeba. Hataki kubebwa. Kwa hiyo miaka hii kila Pasaka anakaa nyumbani anasikiliza ngoma za kanisa zikija juu ya maji.

Mimi ni fundi wa malori. Mama Agnes, mke wangu, anasema naanza kuzeeka vibaya. Inawezekana.

Alhamisi, 27 Februari

Nimelala chini ya mashua asubuhi nzima. Mgongo unauma. Sijali.

Urefu hatua sita. Iko nyuma ya jiko la shemeji, miaka tisa sasa, na imesimama yenyewe. Hakuna gogo, hakuna jiwe la kuiegemeza. Imesimama juu ya mabapa mawili ya chuma yaliyoshuka kutoka tumboni, moja kila upande. Mashua za pwani zina moja la mti, katikati. Niliziona nilipokuwa naendesha lori kwenda Dar. Kamusi ya binti yangu Agnes inasema jina lake ni mkuku. Hapa bondeni hakuna anayelijua neno hilo. Wanasema miguu.

Neno hilo la miguu nililianzisha mimi. Naandika, maana hakuna wa kusoma. Miaka tisa iliyopita nilitoka safari, nikaenda sikukuu ya kigango. Maji yalikuwa yamepungua pale gatini. Watu wote wanatoka misani, na mashua ya kaka imesimama kwenye tope kama mtu. Sikuwahi kuiona kabla. Nikapaza sauti: "Kaka, mtumbwi wako una miguu! Si utembee wenyewe kuja kanisani?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Watoto wakatunga wimbo. Kaka alitabasamu. Msimu ule ulipoisha aliivuta mashua nyuma ya jiko na hakuirudisha majini tena. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilisema ni utani tu.

Kaka alikuwa mchonga mitumbwi. Shule aliachia darasa la nne. Mashua aliiona kwenye kalenda ya ukutani, parokiani. Picha ilionyesha juu tu: tanga, mlingoti, maji. Chini ya maji hakuna aliyemwonyesha. Huko chini alifikiri mwenyewe. Hadithi hii niliijua siku zote. Leo nikiwa chali chini yake ndiyo nimeielewa, na nikajikuta nimevua kofia. Chini ya boti, kwenye kinyesi cha kuku, nimevua kofia.

Mbao nzima. Miguu imeoza kwa kutu. Inalalia kushoto kidogo, nadhani udongo umezama. Ukingo wa kushoto una mahali pamelika, pamekuwa laini kama mpini wa jembe. Sijui ni nini.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Nimepakwa majivu saa moja, saa tatu nimeshapakwa kutu juu yake.

Boliti kumi na mbili. Kila moja imepita kwenye ubavu wa mvule, na chini ya kila nati kaka aliweka kipande cha ngozi ya ng'ombe kilicholowekwa lami. Ngozi bado inateleza. Boliti tisa zilifunguka kwa spana. Miaka yote hii, mvua yote hii, zikafunguka kwa spana! Boliti za malori ya juzi tu nazikata kwa grenda.

Tatu zilikataa. Nikazikata, nikaomba radhi kwa sauti. Shemeji alikuwa anapepeta mchele karibu. Alijifanya hajasikia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeileta miguu Ifakara kwa pikipiki, mmoja mmoja, safari mbili. Njia imeanza kuharibika.

Haifanani. Wa kushoto ni mfupi kwa vidole vinne. Lakini ni mnene, kaka amepigia bapa la pili juu yake kwa ribiti. Nikaipeleka kwenye mizani ya jirani ya kupimia mpunga, kwa udadisi tu. Uzito sawa. Ukiondoa kutu, sawasawa kabisa.

Nimekaa nikifikiri. Nimeamua kaka aliishiwa chuma, akaunga-unga. Alikuwa anaokota mabapa kwenye matrekta mabovu, asingeweza kuchagua. Nitamtengenezea ilivyopaswa kuwa. Mdogo mtu anamsahihisha mkubwa. Nimefurahi, sikatai.

Jumanne, 18 Machi

Miguu mipya tayari. Chuma cha chasisi ya lori, kizito, kimenyooka. Yote miwili urefu mmoja, unene mmoja. Nimeisimamisha sakafuni, nikalaza ubao juu, nikaweka pima maji. Tone la hewa likatulia katikati kama limepigwa msumari. Nimepaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili. Mama Agnes alipita akasema kumbe bado najua kazi. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Ile ya zamani nimeitupa kwenye chuma chakavu nyuma ya karakana.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mvua. Mvua.

Tumeinua mashua kwa jeki mbili na magogo. Amenisaidia Benitho, mvuvi, jirani wa shemeji. Tumefunga miguu. Ngozi mpya, lami mpya. Nafasi kati ya mbao nimeziziba kwa pamba. Benitho ana mashaka. Anasema kitu chochote kinachoning'inia chini ya mtumbwi ni cha kunasa matete. Nimemwambia kaka alikwenda nayo misimu minne. Akasema, "Kaka yako alikuwa Ditriki." Nikaendelea kukaza nati.

Jumapili, 6 Aprili

Maji yamefika. Jana yalikuwa mstari mwembamba kule kwenye matete, leo yako hatua thelathini kutoka jikoni. Hayana kelele. Nimezaliwa bonde hili na bado kila mwaka nasimama kuyatazama kama mgeni. Shamba, njia, vichuguu, vyote vimezama, na anga limelala humo ndani.

Wiki mbili zimebaki.

Jumamosi, 12 Aprili

Imeelea.

Nashindwa kuandika vizuri. Tuliisukuma kwenye magogo, watu wanane. Maji yakashika tumbo, wepesi ukaja ghafla mikononi, nikabaki nimeshika hewa. Haikuyumba. Benitho akarukia ndani kwa makusudi, akasimama pembeni kabisa kama mtu anayetafuta ugomvi. Mtumbwi ungemmwaga. Mashua iliinama kidogo, ikarudi.

Tukatundika tanga la zamani, turubai lililoshonwa na mifuko ya mbolea. Upepo wa mchana ukalijaza. Ikaenda. Hatukupiga kasia. Hatukusukuma upondo. Nilitazama chini, maji ni safi pale juu ya majani, nikaona miguu miwili myekundu inapita juu ya shamba la mpunga la mtu, kimya, mpunga unainama na kuinuka nyuma yake. Machozi yalinitoka. Benitho aliyaona, na kijiji kizima kitajua kesho. Basi kijue.

Kaka aliona haya yote ndani ya kichwa, kutoka kwenye kalenda.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Siku mbaya.

Mashua ilikuwa ukingoni, imesimama kwenye maji ya kufika kifundo. Wima. Nimeweka pima maji, tone katikati. Nikamwita shemeji aje ajaribu kupanda, Pasaka asije akahangaika. Alikuja amevaa gauni jipya na kitenge kipya. Kumbe alitaka kwenda leo leo, na tawi lake la mnazi mkononi.

Akaweka fimbo ndani. Akashika ukingo. Akainua mguu wa kushoto kwa mkono, kama anavyofanya siku zote kwenye ngazi. Haukufika. Upana wa kiganja tu umepungua. Akajaribu tena. Kisigino kikagonga ubao. Watu wa mitumbwi walikuwa wanapita kwenda misani, wakapunguza kasia kutazama. Nikakimbia kumshika.

"Usinibebe," akasema.

Nikaondoa mikono. Alijaribu mara ya tatu. Kisha akachukua fimbo yake akarudi nyumbani polepole, kitenge kimelowa mpaka magotini. Tawi lilibaki kwenye mashua.

Benitho alisema tuweke kigoda. Tuliweka, kikazama kwenye tope. Tuliweka gogo, likabiringika. Nikamfuata shemeji mlangoni. Akasema zamani alikuwa anapanda bila shida, basi ni uzee. Akasema nimwambie Selemani aje na mabati.

Nimechukia kila kitu leo. Pima maji nimeitupa kwenye boksi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikulala. Zamani alikuwa anapanda bila shida. Neno hilo lilinizunguka mpaka jogoo.

Miaka tisa imemzeesha, sawa. Mimi pia. Lakini mguu ule haujawahi kuinuka zaidi ya pale. Ni mguu uleule. Kwa hiyo mashua ndiyo iliyobadilika. Na aliyeibadilisha ni nani?

Nimekwenda nyuma ya karakana kabla ya chai. Mnunuzi wa chuma chakavu alishapita Ijumaa, nikalifukua lile rundo. Amechukua rimu na ekseli. Miguu ya kaka ameiacha, imeoza mno.

Nikapima tena. Vidole vinne. Nikachora chini kwa chaki, mashua ikiwa imesimama, mguu mmoja mfupi. Inalalia kushoto. Ukingo wa kushoto unashuka. Nikapima umbali: upana wa kiganja, na kidogo zaidi. Palepale palipolika kwa mkono wa mtu, laini kama mpini wa jembe.

Udongo haukuzama. Hakuishiwa chuma. Alimpimia mke wake ngazi.

Halafu nikakumbuka mizani. Mguu mfupi ungekuwa mwepesi, mashua ingelala upande mmoja hata majini. Ndiyo maana aliupigia bapa la pili. Ikielea inakaa sawa. Ikisimama inainama kumpokea. Mtu wa darasa la nne! Mimi mwenye cheti cha ufundi na pima maji nimekuja nikamnyoosha.

Nimekaa chini kwenye oili. Mwenye lori akanikuta hapo, akadhani naumwa. Nikamwambia kaka yangu alikuwa na akili kuliko watu wote wa bonde hili. Akauliza kuhusu gia boksi.

Jumatano, 16 Aprili

Jana tumeivuta juu ya magogo. Leo nimefungua mguu wa kushoto. Jenereta la kuazima limezimika mara tatu. Nimechora mstari wa kukata, upana wa vidole vyangu vinne, kisha nikakumbuka vidole vya kaka vilikuwa vinene, nikapima tena kwa ule mguu wake wa zamani, ndipo nikakata. Nusura niharibu. Asante Mungu nilikuwa nimeubeba.

Nimechomelea bapa la pili. Mizani ya mpunga tumeileta kwa mtumbwi wa Benitho. Uzito mdogo, nikaongeza kipande. Mkubwa, nikasaga. Saa tisa alasiri miguu ikawa sawa.

Selemani alipita na pikipiki kuona mbao zake. Mtu muungwana. Nilimweleza. Akainama, akatazama chini ya tumbo, akapapasa boliti moja baada ya nyingine. Akasema hawezi kuipasua kazi kama hii hata akipewa bure. Mabati ya shemeji nitayatoa kwenye banda langu la nyuma, malori yalowe kidogo. Nimeshamwambia Mama Agnes. Hakubisha.

Shemeji hajatoka ndani siku nzima.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Hakuna kazi leo. Nimekwenda Mofu kwa ajili ya jambo moja tu, na njiani nimeanguka na pikipiki kwenye tope mara mbili. Nimestahili.

Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba aje ukingoni. Nikamwonyesha mguu mfupi, mguu mrefu, mahali palipolika. Nikamweleza taratibu, maana alikuwa hajui. Kaka hakuwahi kumwambia. Miaka yote alidhani anapanda kwa nguvu zake mwenyewe. Kaka alimwacha adhani hivyo.

 Akapitisha kiganja pale kwenye ukingo, mbele, nyuma. Akaenda jikoni akafunga mlango. Moshi haukutoka. Nilisubiri nje na kuku.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikasema ule utani wangu wa kigangoni, wa miguu, naomba msamaha. Nilisema sikuwa nimefikiria mguu wake. Ni kweli, na ndiyo aibu yenyewe.

Akasema: "Shemeji, mimi na wewe ni watani. Ungenitania mimi, ningekujibu palepale, watu wakacheka, yakaisha. Wewe ulimtania yeye. Kaka yako mkubwa, mbele ya watu. Yeye angekujibu nini?"

Kweli tupu. Mkubwa hataniwi na mdogo wake. Kwa hiyo hakuna mtu aliyenijibu siku ile. Kaka kwa heshima yake, yeye kwa sababu hakuulizwa. Utani ukabaki hewani miaka tisa. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Sijui kama nimesamehewa. Alinipa pepeta kwenye kopo, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa. Nimekula yote njiani.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mashua ilikuwa ukingoni, imeinama kushoto. Kwa macho ya fundi ni kosa. Nilikunja mikono nyuma nisije nikamshika.

Fimbo ndani. Mkono kwenye ukingo, palepale. Akainua mguu kwa mkono. Ukapita. Ukapita na nafasi ikabaki! Wa pili ukafuata. Akakaa kwenye ubao wa nyuma, akatengeneza kitenge chake, akanyoosha mkono nimpe kamba ya tanga. Nikasema nitashika mimi. Akanitazama kama fundi anavyomtazama mtu wa mjini.

Kumbe nahodha alikuwa yeye. Kaka alikuwa anakaa mbele kuangalia vichuguu.

Nimekaa mbele nikiangalia vichuguu. Nimesafiri nchi hii mpaka mipakani, sijawahi kuendeshwa hivyo. Alikuwa anausikia upepo kabla haujafika. Analegeza, anakaza. Ndege weupe wakapaa mbele yetu, wengi, hawana haraka. Maji mpaka milima ya Udzungwa. Ngoma zikaanza kusikika kule mbele, na safari hii zilikuwa zinakaribia. Nikageuka nimwangalie. Hakuwa ananiangalia mimi.

Tulipofika kigangoni watu walikuwa wamejaa ukingoni, mishumaa mkononi. Miguu ikagusa tope. Mashua ikatulia, ikainama kushoto, ikamsubiri. Akashuka. Peke yake, fimbo, mguu, mguu. Akasimama kwenye maji ya vifundo, akageuka, akaongea kwa sauti ya kumfikia hadi padre:

"Shemeji! Ulisema utembee wenyewe kuja kanisani. Haya. Umefika!"

Waliokuwepo miaka tisa iliyopita walikumbuka kwanza. Kisha wote. Walicheka mpaka katekista akaja kutunyamazisha, naye akacheka. Nimechekwa mbele ya parokia nzima na sijawahi kuona raha kama ile.

Jumatano, 25 Juni

Maji yameondoka wiki iliyopita. Nimekwenda Mofu kupaka boliti grisi. Shemeji hayupo, yuko shambani, wanavuna.

Mashua imeachwa pale maji yalipoiacha, katikati ya nyasi. Imesimama. Kuna kitenge kimeanikwa kwenye ukingo wa kulia. Wa kushoto uko wazi. Mabati yangu juu ya nyumba yana doa la oili, linaonekana kutoka mbali.

Nilimaliza kazi mapema. Nikatoa pima maji mfukoni, nikailaza juu ya ubao wa nyuma. Tone likakimbilia kulia, likakwama huko.  Nikarudisha pima maji mfukoni, nikaenda shambani kuwasaidia.